Do ya Mstari wa Kati

Alto ilipoletwa parokiani kwetu, hakuna aliyejua kuipiga. Ilitoka kwa marafiki wa mapadri huko Ulaya, ndani ya sanduku jeusi lenye kifungo kimoja kilichovunjika, na kwa miezi kadhaa ilikaa juu ya kabati la sakristia pamoja na mapambo ya Noeli. Kwa macho tu ungesema ni violoni, yaani fidla, iliyokula ikashiba: umbo ni lile lile, ila mwili mkubwa zaidi na sauti nzito, kama ya mwanamke aliyelia usiku kucha.

Mimi wakati huo nilikuwa nakaa safu ya nyuma ya violoni. Nilijifunza chombo hicho nikiwa msichana, kwa kusikiliza na kuiga, hapo hapo parokiani, katika mtaa wetu wa Katuba. Kusoma karatasi za muziki nilijua kwa kiasi. Nilijua ufunguo wa sol, ile alama inayojikunja kama mkia wa kinyonga mwanzoni mwa mistari mitano, na kutokana nayo nilijua kila nota inakaa wapi na inaitwa nani. Si kwa haraka, lakini nilijua. Mchana nilishona sare za wanafunzi kwa cherehani yangu barazani. Alhamisi jioni nilikwenda mazoezini.

Kiongozi wetu wa orkestra, ambaye wote tulimwita maestro, alikuwa mtu wa kuheshimika. Alikuwa amesoma muziki Kinshasa, alivaa suti hata wakati wa joto la Oktoba, na alikuwa na sikio ambalo lilikamata kosa la mtu mmoja katikati ya watu thelathini. Nilimwogopa na kumpenda kama mtu anavyompenda baba mkali. Siku moja Kwaresima ikiwa imeanza, aliniita mbele, akafungua lile sanduku, akaniwekea alto mikononi.

"Mama, uko na mikono kubwa. Hii njo kintu yako. Pasaka tuko na lazima ya alto."

Nilimwambia siwezi, ufunguo wake siujui. Kwenye karatasi ya alto hakuna mkia wa kinyonga. Kuna alama nyingine, ufunguo wa do, unaofanana na herufi B iliyoandikwa na mtu mwenye haraka: fimbo mbili zilizosimama, na matumbo mawili yanayokutana katikati.

"Usijisumbue na ile kle," akasema, maana ufunguo yeye aliuita kle, kwa Kifaransa. "Mukono yako uache chini, pa mwanzo wa shingo ya alto. Lakini kichwa ifikiri ni violon, na mukono iko juu, pa position ya tatu. Bidole bitaanguka byenyewe pahali muzuri."

Nikajaribu. Vidole vilianguka. Niliangalia nota, nikajifanya niko kwenye violoni, nikaifikiria ile nafasi ya tatu ya mkono niliyoizoea, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile aliyoitaka. Wenzangu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiona kama nimepewa kitu kikubwa, na Pasaka ile nilipiga misa nzima bila kukosea.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Uzi wa kwanza wa chini, ukiupiga wazi bila kidole, maestro mwenyewe aliuita do alipokuwa akinisaidia kuukaza. Lakini nota ya uzi huo kwenye karatasi, nikiisoma kwa macho yangu ya violoni, ilikuwa si, nota iliyo jirani ya do kwa chini. Nilimuuliza sababu.

"Maestro, hii kamba unaiita do. Pa karatasi iko si. Juu ya nini?"

Alikuwa akikusanya karatasi. Hakuinua kichwa.

"Ile ni mambo ya alto. Usiulize mingi, mama. Piga tu."

Nikaamini. Nilidhani alto ina desturi zake, kwamba kwenye karatasi nota zake zina majina mengine na kwenye nyuzi zina majina mengine, kama vile mtoto anavyoitwa jina moja nyumbani na jingine shuleni. Mtu akishakuambia usiulize, na ni mtu unayemheshimu, unajitengenezea jibu mwenyewe.

Siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi hapa kwetu, maestro aliwafundisha vijana wa violoni solfeji: kusoma nota kwa kinywa, kuziimba kwa majina yake, kuandika wanachosikia. Niliomba kuingia. Akasema alto haihitaji, na tena siku hiyo wateja wangu wanakuja kuchukua nguo. Kweli walikuwa wanakuja. Sikusisitiza. Mazoezini, wapiga violoni aliwasahihisha kwa majina: fa dieze hapo, yaani fa iliyopandishwa kidogo; la, siyo sol. Mimi alinisahihisha kwa vidole: kidole ya pili, kidole ya tatu, shusha kidogo. Niliona ni upole wake kwangu.

Hivyo ndivyo nilivyopiga alto kwa miaka mingi. Nilipiga Noeli na Pasaka, maziko ya mapadri wawili, harusi za watu wakubwa katikati ya mji ambako tulilishwa kuku na kupigwa picha. Watoto wangu walizaliwa na kukua. Mume wangu, dereva wa malori kati ya hapa na Mokambo mpakani, alizoea kuikuta alto juu ya kitanda. Na mimi nilizoea kujiita mwanamuziki, si kwa sauti, lakini moyoni.

Kisha kukafunguliwa shule ya muziki kwa watoto, mjini, nyuma ya zile ofisi na benki. Walitafuta mtu wa kuwafundisha watoto vyombo vya nyuzi. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa. Nilipolisikia nilihisi joto masikioni. Nilimfuata maestro nje, nikamwambia nataka kujaribu. Alitazama viatu vyake kidogo, kisha akasema, "Jaribu, mama. Mungu eko." Hakuniambia kwamba yeye mwenyewe atakuwa mmoja wa watakaotusikiliza.

Nilijishonea gauni. Sikumwomba mtu yeyote kitambaa, nilikitoa katika akiba yangu, bluu nzito yenye kola nyeupe, nami ni mtu ambaye mara nyingi huvaa vilivyobaki vya wengine.

Tuliitwa mmoja mmoja. Darasani walikuwa watatu nyuma ya meza: mkurugenzi wa shule, masera mzee, yaani mtawa, aliyekuwa amefundisha solfeji maisha yake yote, na maestro. Nilimwona maestro nikafurahi. Nilijiambia, huyu ananijua.

Nilipiga kwanza. Nilipiga vizuri, ninalisema bila haya. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa furaha, masera akafumba macho. Nilipomaliza, masera akaniwekea karatasi nyingine mbele yangu, ya alto, fupi, nyepesi, ya mtoto.

"Sasa soma na kinywa, mama. Usipige. Twambie tu majina ya nota."

Nikasoma. "Sol, si, re, re, do."

Masera akasema kwa upole, "Tena. Polepole."

Nilidhani hakunisikia, maana feni ya juu ilikuwa inapiga kelele. Nikasoma tena kwa sauti kubwa zaidi, wazi, kama mtu anayemsomea kiziwi. "Sol, si, re, re, do." Mkurugenzi akakohoa, akaangalia kalamu yake.

Masera aliinuka, na ilimchukua muda kwa sababu ya magoti. Alikwenda ubaoni, akachora mistari mitano, akachora ule ufunguo wenye matumbo mawili. Akaweka kidole pale matumbo yanapokutana, kwenye mstari wa kati.

"Hapa njo do," akasema. "Hii kle inakuonyesha yenyewe. Juu yake re, chini yake si. Ulisoma kama kle ya sol, mama. Kila nota umeiita jina ya jirani yake. Ilikuwa la, do, mi, mi, re."

Niliutazama ule mstari. Nilikuwa nimeutazama maisha yangu yote ya ukubwani na kuuita si.

"Nani alikufundisha?" akauliza masera. Hakuuliza kwa ubaya. Nadhani alitaka kuelewa tu.

Nilimtazama maestro. Alikuwa ametoa miwani yake, anaifuta kwa ncha ya tai, taratibu, kioo kimoja kisha kingine. Nilisubiri aseme. Hakusema. Na mimi, kwa sababu ya adabu niliyolelewa nayo, kwa sababu huwezi kumvua mkubwa nguo mbele ya watu, nikasema, "Nilijifunza mimi mwenyewe, masera."

Maestro akavaa miwani yake. Aliuacha uongo wangu ukae pale mezani, akautumia kujifichia.

Alinipa lifti kurudi, kwa gari lake. Ningekataa, lakini nilikuwa na alto ya parokia mkononi na jua lilikuwa kali. Njia nzima aliongea juu ya barabara. Tulikwama nyuma ya msururu wa malori ya madini, na vumbi jekundu likaingia hadi katika kola yangu nyeupe.

"Angalia bale," akasema. "Banaharibu yote. Bantu banatengeneza barabara mupya, mwaka moja tu, imekwisha."

Nikasema, "Ndiyo, maestro."

Tulipofika kwetu akasema nitapata nafasi nyingine. Nafasi ile alipewa kijana mmoja wa violoni zetu, mmoja wa wale wa siku ya posho.

Katika orkestra yetu kulikuwa na mama mmoja aliyepiga sello, ile violoni kubwa inayoshikwa kati ya magoti, mtu wa Butembo, aliyekuja huku na mume wake kwa biashara ya nguo za kaunda, yaani mitumba, wanauza mabalo, marobota yake, kwa jumla na rejareja. Alisoma muziki kwa masera akiwa bwenini huko Kivu. Yeye aliketi kando yangu kila Alhamisi. Nilikwenda dukani kwake siku iliyofuata, nikakaa juu ya balo lisilofunguliwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Nilizani unajua," akasema mwishowe. "Nilionaka vile unaweka bidole, nikasema, huyu anasoma na mawazo ya violon. Benye kutoka ku violon bengine banafanyaka vile. Lakini nilizani majina unajua."

"Hata siku moja haukuniuliza."

"Hata siku moja, mama. Unisamehe."

Nilimkasirikia pia, kwa siku chache. Kisha nikaona sina watu wengi wa kuwakasirikia na kuendelea kuwahitaji, nikarudi. Alikata upande wa katoni, akachora mistari mitano kwa makaa, akaweka ufunguo wa do. Alinifundisha hapo hapo, wateja wakiingia na kutoka. Tulianza na do ya kati. Tukapanda: re, mi, fa, sol. Tukashuka: si, la, sol, fa. Mistari kutoka chini: fa, la, do, mi, sol. Nafasi kati ya mistari: sol, si, re, fa. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa nimeelewa kila kitu.

Hilo ndilo lililonichoma zaidi kuliko aibu ya ule mtihani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mchana mmoja ulitosha, kwenye kipande cha katoni, kati ya mtu anayenunua suruali na mtu anayenunua mapazia. Maestro alikuwa nalo mfukoni miaka yote ile.

Kuelewa kulikuwa rahisi. Kuzoea hakukuwa. Vidole vyangu vilijua ukweli, kinywa changu kilijua uongo, na kila mara kinywa kilitangulia. Nikiwa kwenye cherehani nilisoma nota kwa sauti huku mguu unakanyaga, na binti yangu mdogo aliuliza mama anaomba kwa nani. Nilikosea, nikarudia, nikakosea. Kulikuwa na siku niliyolia kwa hasira juu ya sare ya mtoto wa mtu, nikalazimika kuifua kabla ya kuipeleka. Mume wangu aliporudi kutoka Mokambo na kunikuta hivyo, alisema, "Lakini ni muziki tu, mama batoto." Alisema kwa huruma. Nilimtengea bukari yake, yaani ugali, nikatoka nje.

Majina yalipoanza kuja yenyewe, nilikwenda kwa maestro mapema, kabla ya wengine kufika mazoezini. Alikuwa anapanga viti. Nilimsaidia kupanga, maana sikujua nianze vipi. Kisha nikasema.

"Maestro, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kama majina yote nilikuwa naita bibaya. Nilikuuliza, ukaniambia nisiulize."

Alikaa kwenye kiti kimojawapo. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Ulikuwa napiga muzuri," akasema.

"Sikukuuliza kupiga. Nilikuuliza majina."

"Mama, Pasaka ilikuwa karibu. Nilikuwa natafuta muntu wa kupiga alto. Sikutafuta mwanamuziki."

"Na kiisha Pasaka?"

Akainua mabega. "Kiisha Pasaka ulikuwa napiga. Juu ya nini nikuvuruge?"

"Bale bijana ba siku ya posho, haukuogopa kubavuruga?"

"Bale ni bijana. Beko na maisha mbele yabo. Weye uko na bwana, uko na batoto, uko na machine yako ya kushona. Ungefanya nini na solfège?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njiani, makali, yenye adabu. Nililaza alto katika sanduku lake, nikafunga kile kifungo kilichobaki, nikaliweka juu ya kiti nilichokuwa nimekipanga kwa ajili yangu, nikaenda nyumbani. Barabarani nilipishana na wenzangu wanaokuja mazoezini. Walinisalimu, nami niliwaitikia kana kwamba nimesahau kitu nyumbani.

Sikurudi kipindi kizima cha kiangazi. Jumapili niliketi na waumini wengine. Orkestra ilipiga bila alto, na mimi peke yangu, pengine pamoja na mama wa sello, tulisikia pale katikati palipokuwa patupu. Watu hawakusikia. Waliimba, wakatoa sadaka, wakaenda kula. Nilitamani hata mtu mmoja aulize alto iko wapi. Nilikuja kuelewa kwamba sauti ya katikati ndivyo ilivyo: ikiwapo haitajwi, na ikiondoka pia.

Nilirudi. Ningependa kuandika kwamba sikurudi, ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Lakini alto niliyoweza kuifikia katika mji huu mzima ilikuwa ile moja, na mikono yangu ilikuwa inanisumbua, inacheza yenyewe juu ya meza ya kukatia nguo. Maestro alinipokea kama mtu aliyekuwa safarini. Aligawa karatasi, akainua mkono, tukaanza. Hatujazungumza tena juu ya jambo lile.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena kwenye ile shule, nikiwa na majina yangu yote kinywani. Masera mzee hakuwepo, alikuwa amehamishwa Mitwaba kupumzika. Mkurugenzi alinikumbuka, na niliona kwenye uso wake anachokumbuka. Akasema mahali pameshachukuliwa, na kwamba siku hizi wanapendelea watu wenye umri mdogo. Nilimshukuru.

Nilipokuwa natoka, yule kijana wetu wa violoni alinikimbilia kwenye korido. Sasa alikuwa mwalimu, mwenye tai. Alinisalimu kwa heshima sana, mikono miwili.

"Mama, nilikuwa natafuta kuja kwako. Kuko mutoto mumoja hapa, bazazi yake bamemununulia alto. Ile kle yake, mimi siijue. Maestro alitufundisha kle ya sol tu. Nilimuuliza juzi, akaniambia nimwambie mutoto afikiri ni violon, position ya tatu."

Dirisha lilikuwa wazi na watoto ndani ya darasa walikuwa wanapiga kila mmoja wimbo wake. Nafasi ile ilikuwa yake, mshahara ulikuwa wake, na ufunguo wenyewe hakuwa nao. Nilifikiri kumwambia amwambie mtoto hivyo hivyo. Nililifikiria kweli, na lilinipa utamu kwa kitambo.

"Uko na karatasi?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo. Niliiweka ukutani, nikachora mistari, nikamfundisha yote, juu na chini, mistari na nafasi, hadi alipoweza kuisoma bila mimi. Alikuwa mwepesi wa kushika. Alinishukuru mara nyingi, akarudi darasani, akafunga mlango. Nilisikia kelele zikitulia na sauti yake ikianza kueleza.

Nilitembea hadi kituo cha taxi-bus nikiwa na hasira ambayo sikuweza kuiweka mahali. Haikuwa juu ya yule kijana. Nikampitia mteja wa mtaa wa Kamalondo, nikachukua vipimo vya watoto wake, nikaenda nyumbani kuwasha mkaa.

Maestro amezeeka sasa, na husahau kutuambia tuanzie wapi. Bado nampigia alto. Namsalimu nikifika na kumuaga nikiondoka, kwa maneno yale yale ambayo ningemwambia mtu yeyote aliye mkubwa kwangu, wala si zaidi.